Fungua Barua Yote

Maandiko: Yeremia 28 na 29, Danieli 9:1–3, Matendo 17:10–12
Ujumbe wa Jumapili, Kitale na Bungoma

 

Kabla hujaendelea, inuka uchukue Biblia yako. Najua wengi husoma kijitabu hiki kwenye matatu Jumatatu asubuhi. Kama uko safarini, kunja ukurasa hapa umalizie nyumbani. Wiki hii sijachapa mistari. Nataka uione kwa macho yako mahali ilipo, pamoja na majirani zake wa juu na wa chini. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada kule Bungoma, mama mmoja alinisubiri mlangoni. Jina lake silitaji, lakini ameniruhusu nisimulie. Ni wa rika la mama yangu mzazi. Alinishika mkono akasema, "Pasta, mwanangu, nina swali, na usinijibu haraka. Ule mstari wa kalenda, ni wa kweli ama ni wa uongo?"

Mstari wa kalenda mnaujua. Ni Yeremia 29:11. Uko kwenye kalenda ya kanisa ya mwaka huu, ile iliyoning'inia sebuleni kwenu. Ni pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba amewapangia mema, na kwamba mbele yao kuna tumaini.

Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba mwezi wa Januari, siku chache kabla shule kufunguliwa, alimsikia mhubiri kwenye redio akiutumia mstari huo huo. Mhubiri akasema, anayetaka mema yake yatokee mwaka huu apande mbegu, kisha akataja nambari ya simu. Mama alikuwa na shilingi 6,500 za karo ya mjukuu wake, pesa za kuuza kuku na maharagwe. Alituma zote. Akangoja. Shule ikafunguliwa, mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kwa wiki tano akawa anachunga ng'ombe wa jirani.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniumiza. Nilianza kumwambia, "Pole sana, mama. Hawa wahubiri wa redio..." Akanikatiza. "Hapana, mwanangu. Huyo wa redio mimi simjui. Niliamini kwa sababu wewe ndiye uliyetuambia kwanza. Kwenye mkesha. Ulisema mwaka huu haupiti."

Wapendwa, ni kweli. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya nilisimama madhabahuni, nikaiinua ile kalenda, nikasema mwaka huu haupiti kabla hujayaona mema yako. Mkapiga makofi, mkaruka, kinanda kikapigwa. Na mimi sikuwa nimesoma Yeremia 28. Hata sura ya 29 sikuwa nimeisoma yote. Nilikuwa nimesoma mstari wa 11 peke yake, tena kutoka kwenye kalenda.

Kwa hiyo ujumbe wa leo ni toba kwanza, halafu mafundisho. Nimeanza mimi.

NILIKUWA NIMESHAUNGUA

Ubaya ni kwamba mstari huo ulikuwa umeniunguza zamani. Nilipomaliza digrii yangu ya biashara sikupata kazi, nikarudi Kitale. Msimu wa kuvuna ulipofika, nikachukua mkopo wa shilingi 180,000 kutoka chama cha akiba na mikopo, baba yangu akiwa mdhamini. Nilitaka kununua mahindi bei ikiwa chini, niyaweke, niuze bei ikipanda. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Watu wengi hapa Trans Nzoia wamesomesha watoto kwa biashara hiyo.

Lakini niliubandika mstari wa 11 juu ya mlango wa stoo, na kuanzia siku hiyo nikaacha kuuliza maswali. Mkulima yeyote hapa atakuambia kwamba mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mimi sikupima. Nilinunua magunia 60 yakiwa hayajakauka sawasawa, nikayapanga kwa imani. Nilikuwa na mstari, lakini turubai ya kuanikia sikuwa nayo.

Kufikia mwezi wa tatu, magunia ya chini yalikuwa na ukungu, na bei haikupanda. Magunia 19 nilitupa. Mengine niliuza kwa hasara. Baba aliuza ng'ombe wawili tukamaliza deni. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Na mimi nikajiambia nini? Nikajiambia imani yangu ilikuwa ndogo. Haikunijia kwamba labda nilisoma vibaya.

Ajabu ni kwamba chuoni tulifundishwa jambo hili wazi kabisa. Mwalimu wetu wa uhasibu alikuwa akisema usinunue kampuni kwa sababu ya mstari mmoja wa hesabu zake. Ukurasa huu unaweza kuonyesha faida, na ukurasa unaofuata ukaonyesha madeni yatakayoila faida hiyo yote. Soma mpaka maelezo ya mwisho, yale ya maandishi madogo. Nilijua kusoma hesabu za kampuni ukurasa kwa ukurasa. Barua ya Mungu niliisoma kama stika ya matatu.

BARUA YENYEWE

Haya, fungua Yeremia 29, anza mstari wa 1. Unaona? Hii ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu. Anawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka mpaka Babeli na mfalme Nebukadreza, ule uhamisho wa mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 3 unataja hata majina ya walioibeba, Elasa na Gemaria. Ni watu halisi, na safari ilikuwa ndefu.

Kwa nini aliandika? Rudi nyuma sura moja. Katika sura ya 28 kuna nabii anayeitwa Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Miaka miwili tu! Hebu fikiria furaha iliyokuwa pale. Hata Yeremia alisema Amina, soma mstari wa 6. Alitamani iwe hivyo. Nani hatamani?

Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni, ishara ya utumwa wa Babeli. Hanania akaitoa, akaivunja watu wakiona. Yeremia hakupigana naye. Aliondoka zake. Baadaye neno la Bwana likamjia, akarudi na kumwambia Hanania mambo mawili. La kwanza, nira ya mti umeivunja, lakini sasa inakuja ya chuma. La pili, Bwana hakukutuma, na umewafanya watu hawa wategemee uongo. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba akafa.

Nilipofika hapo niliiweka Biblia chini, nikatoka nje nikakaa. Kwa sababu nilijiuliza: kwenye mkesha nilisimama upande wa nani? Maneno yangu yalikuwa ya Yeremia, lakini ujumbe ulikuwa wa Hanania. Tena Hanania aliwapa watu miaka miwili. Mimi niliwapa miezi 12.

Sasa ndiyo urudi kwenye barua. Watu wa Babeli nao walikuwa na akina Hanania wao, wanaowaambia msifungue mizigo, tunarudi kesho. Yeremia anawaandikia kinyume chake. Mstari wa 5: jengeni nyumba, limeni, mle mlichopanda. Mstari wa 6: oeni, ozesheni, zaeni, msipungue. Mstari wa 7: uombeeni mji ule mliopelekwa, kwa maana ukiwa na amani na ninyi mtakuwa nayo. Mstari wa 8 na wa 9: msidanganywe na manabii walio kati yenu. Mstari wa 10: miaka 70.

Halafu, baada ya hayo yote, ndipo unakuja mstari wa 11.

Piga hesabu. Mtu wa miaka 30 aliyesikia barua ikisomwa angekuwa mzee sana siku ya kurudi. Wengi wao walizikwa Babeli. Waliupokea mstari wa 11 wakijua kwamba watakaouona kwa macho ni watoto na wajukuu. Na bado Mungu aliwaambia, nimewawazia mema. Mema yenyewe yalikuwa nini kwa mwaka ule? Yalikuwa kulima, kuoa, kuombea mji, na kumtafuta Bwana. Soma mstari wa 12 mpaka wa 14 uone jinsi anavyoahidi kwamba wakimtafuta kwa moyo wote watampata, hata huko huko ugenini.

Basi mama, swali lako hili hapa. Mstari ni wa kweli. Fungua Ezra 1:1 uone Bwana akiamsha roho ya Koreshi mfalme wa Uajemi ili neno alilolisema kwa kinywa cha Yeremia litimie. Watu walirudi kwao. Mungu hakudanganya. Aliyepunguza miaka ni mimi.

TUNAPOSOMA VIPANDE

Wapendwa, hili si jambo dogo la wasomi. Aprili 2023 sote tulikaa mbele ya televisheni tukiona miili ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Zaidi ya watu 400. Watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mambo ya kesi naiachia mahakama. Ninachotaka kusema ni hiki: wale hawakuwa watu wasiompenda Mungu. Wengi waliuza mali, wakaacha kazi, wakabeba watoto wao. Imani walikuwa nayo nyingi kuliko mimi na wewe. Walichokosa ni ruhusa ya kufungua ukurasa wa kabla na wa baada, na kusema, "Mtumishi, hapa sioni hivyo."

Tusiwacheke. Kutoka mahali pa kutouliza mpaka kwenye shimo, njia ni moja, na sisi tulio Kitale na Bungoma tunaweza kuwa tumeshapanda gari lile lile, ila tuko kituo cha kwanza. Kituo cha kwanza ni karo kutumwa kwa nambari ya redio. Ni mgonjwa kuacha dawa kwa sababu ya mstari mmoja. Ni bibi kupigwa na mume anayekariri Waefeso 5:22 huku hajawahi kusoma mstari wa 25.

Na ona tunachokosa tukisoma kipande. Katika kaunti hii wengi wetu tumetoka kwingine. Mwanzoni mwa 2008 watu wa makanisa walilala kwenye mahema hapa Trans Nzoia, na waliowafukuza wengine walikuwa na Biblia nyumbani. Katika barua ile ile yenye mstari wa 11 kuna mstari wa 7, wa kuutafutia amani mji unaokaa na watu usiofanana nao. Huo haujawahi kuwekwa kwenye kalenda yoyote niliyoiona.

JE, HUKU SI KUMZIMISHA ROHO?

Kijana mmoja wa sifa aliniuliza hivyo. "Pasta, tukianza kuchunguza chunguza, moto si utapoa?"

Nikamwambia habari ya Namirembe. Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Pale kilimani Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, naye akiwa na kiu hiyo hiyo. Wawili hao walikaa siku mbili na Biblia zao, wakifuata mafundisho ya Roho Mtakatifu andiko kwa andiko, na kuomba. Hakukuwa na vipaza sauti. Waliokaa mezani walikuwa watu wawili, mweusi na mweupe, na kitabu kimewafungukia. Kutoka mwanzo mdogo kama huo uamsho ulitembea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Bibi na babu zetu wengi waliokoka kwa sababu yake. Kusoma kwa makini hakukuuzima moto. Kuni zilitoka huko.

Au mwangalie Danieli. Sura ya 9 mstari wa 2 inasema alisoma vitabu, akaielewa ile miaka 70 ya Yeremia. Yaani Danieli aliisoma barua yetu hii! Alihesabu. Na alipomaliza kuhesabu alifanya nini? Mstari wa 3: alimgeukia Bwana kwa maombi, kwa kufunga, kwa magunia na majivu. Akatubu. Hivyo ndivyo Neno linavyomjenga mtu. Unalisoma vizuri mpaka linakupigisha magoti.

Na watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuchunguza kila siku kama maneno ya Paulo ni kweli. Kama mtume Paulo alichunguzwa, mimi msaidizi wa mchungaji ni nani?

TUFANYE NINI WIKI HII

Kwanza, soma sura nzima. Kukhu wangu kule Kamukuywa alikuwa na koroboi moja na wajukuu tisa. Kila jioni sura moja, na kila mtoto anasoma kwa sauti. Hakuturuhusu kuruka hata yale majina marefu ya Mambo ya Nyakati. Tulichukia! Lakini leo ninapopotea katika Biblia, njia ninayorudia ni ile aliyotutembeza yeye. Sura moja haichukui dakika kumi. Ukipata mstari kwenye WhatsApp, kabla hujautuma kwa mwingine, soma sura yake.

Pili, uliza maswali matatu kama unayemhoji dalali: Nani anaongea? Anaambiwa nani? Kulikuwa na shida gani? Hayo hayahitaji digrii. Mama wa sokoni anayeuliza mahindi haya yametoka wapi na yamevunwa lini anaweza kuiuliza Biblia pia.

Tatu, ngoja mpaka likurudi. Neno linalokuambia tu kile ulichokuwa unataka tayari, lisome tena. Mimi nilipenda mstari wa 11 kwa sababu ulikuwa unakubaliana na mkopo wangu. Mstari wa 8 ungenikataza, ndiyo maana sikuufikia.

Na moja la kuongezea, kwa ajili yetu tunaosimama madhabahuni. Ukinisikia nikihubiri mstari nje ya nyumba yake, nisubiri mlangoni kama mama yule. Sitakasirika. Nimezungumza na mchungaji wetu kiongozi, naye amekubali kwamba kuanzia mwezi ujao, Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada tutakuwa na nusu saa ya maswali juu ya mahubiri, Kitale na Bungoma. Njoo na Biblia, si simu peke yake.

Mtauliza habari za mjukuu. Wazee wa kanisa walienda shuleni wakaongea na mwalimu mkuu, ushirika ukachanga, mimi nikaweka sehemu yangu kwa sababu deni lilikuwa langu pia. Mtoto yuko darasani. Zile 6,500 hazikurudi, na sitawaambia zitarudi mara saba.

Alhamisi iliyopita nilifika kwa mama huyo kwenye ushirika wa nyumbani. Kalenda bado iko ukutani. Nilitarajia ameitoa. Lakini kwa kalamu, juu ya mstari, mjukuu alikuwa ameandika kwa maagizo ya bibi yake: "Anzia mstari wa 1."

Tuombe. Baba, utusamehe sisi tuliolikata Neno lako vipande na kuwapa watu wako. Uwarudishie imani waliojeruhiwa na sauti zetu. Utupe subira ya kusoma, ujasiri wa kuuliza, na moyo wa kurudiwa. Utufundishe kujenga, kupanda na kuombea mji huu hata kama mavuno wataona wajukuu. Katika jina la Yesu, Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Someni Yeremia 28 yote kwa sauti, kwa zamu. Kwa nini Yeremia alisema Amina kwa maneno ambayo hayakutoka kwa Bwana?
2. Katika Yeremia 29:5–7, ni jambo gani Mungu anakuagiza ufanye mahali ulipo sasa, ambalo umekuwa ukiliahirisha?
3. Taja mstari mmoja unaoupenda sana. Nyumbani soma sura yake nzima, kisha Alhamisi ijayo ueleze ulichokuta.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.